Weka Kipanya Kando: Mwongozo Kamili wa Kupima Ufikivu wa Tovuti kwa Kivinjari

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi mpaka presha ya macho ilipomwondolea uwezo wa kuona. Siku hizi hukaa barazani baada ya swala ya alasiri, simu mkononi, akiisikiliza programu ya TalkBack ikimsomea habari. Nilipomaliza kutengeneza tovuti ya kukatia tiketi za boti za Mokowe na Lamu, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyempelekea. Alitelezesha kidole mara kumi hivi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi batani zako hazina majina?" Kila alipofika kwenye kitufe, simu ilimtajia tu kwamba hapo pana kitufe. Picha ndogo ya boti, picha ya kalenda na picha ya mkoba wa fedha, ambazo mimi niliziona zimejieleza kabisa, kwake zilikuwa vitufe vitatu visivyotofautiana. Tovuti hiyo nilikuwa nimeipima kwa wiki mbili, lakini nilikuwa nimeipima kwa macho yangu na kipanya changu.

Mwongozo huu unaeleza upimaji ambao ningepaswa kuufanya kabla ya siku ile. Unahitaji kompyuta ya kawaida, kivinjari cha Firefox au Chrome, na nusu siku ya utulivu. Hakuna cha kununua. Nimewafikiria hasa wenzangu wa hapa Lamu wanaotengeneza tovuti za nyumba za wageni za Shela, za shule, za zahanati na za ofisi za umma. Mtu wa Faza au Kizingitini anayeweza kujaza fomu ya basari kwa simu huokoa nauli ya boti na siku nzima ya safari, na mwenye ulemavu ndiye ambaye safari hiyo humlemea kuliko wote. Fomu ikimkataa yeye, imemrudisha gatini.

Kwa neno ufikivu ninamaanisha hali ya tovuti kuweza kutumiwa na mtu asiyeona, anayeona kwa shida, asiyesikia, asiyeweza kushika kipanya, au anayehitaji muda na utulivu zaidi ili aelewe. Kipimo kinachotumika duniani ni mwongozo wa shirika la viwango vya wavuti la W3C, unaojulikana kwa herufi WCAG. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Masharti yake yamepangwa katika ngazi tatu, A ya msingi, AA na AAA iliyo kali zaidi, na ngazi inayodaiwa mara nyingi na sheria na mikataba ni AA. Hapa Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia kwa njia inayofaa mahali pote, usafiri wa umma na habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara yake ya 9. Kwa hiyo anayeomba tovuti ifikike anadai haki yake.

Kabla ya kuanza

Usianze na ukurasa wa mwanzo. Andika kwanza kazi ambayo mtu huijia tovuti hiyo, kwa mfano kutafuta boti ya kesho asubuhi, kuchagua kiti, kulipa na kupata risiti, kisha upime kila ukurasa ulio katika njia ya kazi hiyo, pamoja na ujumbe unaotokea mtu anapokosea kujaza. Ukurasa wa mwanzo ndio uliopambwa na kukaguliwa na kila mtu, ilhali mtu hukwama ndani, kwenye fomu.

Fungua dirisha la faragha, ambalo katika Firefox hufunguliwa kwa Ctrl+Shift+P na katika Chrome kwa Ctrl+Shift+N, ili mambo yaliyohifadhiwa awali yasikudanganye. Weka daftari pembeni. Kila unapokwama andika ukurasa, ulichokuwa unajaribu kufanya, kilichotokea, na kilichopaswa kutokea. Usirekebishe chochote katikati ya upimaji, kwa sababu ukianza kurekebisha utapoteza njia.

Hatua ya kwanza: kibodi peke yake

Chomoa kipanya. Ikiwa unatumia kompyuta ya mapajani, funika pedi ya kugusa kwa kipande cha karatasi, maana mkono una mazoea yake na utairudia bila wewe kujua. Ninaanza na kipimo hiki kwa sababu ndicho kinachofichua mengi kwa muda mfupi. Wasioona, wenye mikono inayotetemeka na wanaotumia vifaa maalumu vya kubonyeza kwa kichwa au kwa pumzi hutegemea njia ileile ya kibodi, kwa hiyo mlango mmoja ukifungwa, wamefungiwa wengi.

Bonyeza Tab ili kwenda mbele na Shift+Tab ili kurudi nyuma. Enter hufungua kiungo, kitufe cha nafasi hubonyeza kitufe cha skrini au kuweka alama kwenye kisanduku, mishale huchagua ndani ya orodha, na Esc hufunga kilichofunguka. Katika Safari ya Mac, uwezo wa Tab kupita kwenye viungo vyote huwa umezimwa, na unapaswa kuuwasha katika sehemu ya Advanced ya mipangilio ya Safari kabla hujailaumu tovuti.

Unapoendelea kubonyeza, jiulize kwanza kama unaona mahali ulipo. Kila kiungo, kitufe au kisanduku kilichofikiwa kinapaswa kuzungukwa na mstari au kubadilika kwa namna inayoonekana dhahiri. Watengenezaji wengi huuondoa mstari huo kwa kuandika outline: none katika mitindo ya ukurasa kwa kuwa wanauona hauvutii, na kwa kufanya hivyo humwacha mtumiaji wa kibodi gizani. Dawa yake ni kuweka mstari wako mwenyewe, mnene na wa rangi inayojitenga na mandharinyuma, kwa kutumia :focus-visible. Ukipoteza alama kabisa, fungua zana za wasanidi kwa F12, nenda kwenye koni (Console), na uandike document.activeElement, kivinjari kitakuonyesha kitu ambacho kibodi imekishika wakati huo. Katika Chrome unaweza kuiweka amri hiyo chini ya alama ya jicho iliyo juu ya koni, nayo itajisasisha kila unapobonyeza Tab. Mara nyingi nimegundua kwa njia hiyo kwamba kibodi imeingia ndani ya menyu iliyofichwa ambayo haionekani kwenye skrini.

Kisha angalia mfuatano. Kibodi inapaswa kupita kwa utaratibu ambao msomaji angeufuata, yaani jina, nambari ya simu, tarehe, halafu kitufe cha kutuma. Katika Firefox fungua zana za wasanidi, chagua kichupo kilichoandikwa Accessibility, na uweke alama penye maneno Show Tabbing Order. Ukurasa utajaa nambari zinazoonyesha safari yote ya Tab kuanzia moja. Ukiona nambari zinarukaruka kutoka juu kwenda chini na kurudi katikati, sababu huwa moja kati ya mbili: ama vitu vimehamishwa kwa mitindo ilhali mpangilio wao katika HTML, yaani msimbo wa ukurasa, haujabadilika, ama mtu ameweka tabindex, alama inayopanga zamu ya Tab, yenye thamani inayozidi sifuri. Ondoa hizo tabindex na upange HTML yenyewe.

Halafu angalia kama kila kinachobonyezeka kwa kipanya kinabonyezeka pia kwa kibodi. Kosa kubwa hapa ni div, yaani kisanduku kitupu cha HTML, iliyovishwa sura ya kitufe. Kipanya huibonyeza vizuri, lakini Tab huipita kana kwamba haipo, na hata ikifikiwa, Enter haiifungui. Tumia kipengele cha button, ambacho kimezaliwa kikijua kazi hiyo. Kalenda za kuchagulia tarehe nazo ni sugu kwa tatizo hili, na tovuti za nyumba za wageni haziishi bila kalenda. Jaribu kuchagua usiku wa tarehe 14 hadi 17 kwa mishale na Enter pekee. Ukishindwa, weka visanduku ambavyo mtu anaweza kuandika tarehe mwenyewe, na kalenda ibaki kuwa msaada kwa anayeitaka.

La mwisho katika hatua hii ni kutoka. Kila aliyekulia Mkomani anakijua kichochoro kinachoingia kati ya nyumba mbili na kuishia ukutani. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kugeuka. Katika tovuti, ramani iliyopachikwa, kicheza video au dirisha dogo la tangazo linaweza kuishika kibodi hata Tab na Shift+Tab zikazunguka ndani yake bila kutoka, na mtu asiye na kipanya hana budi kuufunga ukurasa na kuanza upya. Sharti la kutomtega mtumiaji wa kibodi liko katika ngazi A. Dirisha dogo lina kanuni yake: likifunguka, kibodi iingie ndani yake, likiwa wazi, Tab isizurure kwenye ukurasa ulio nyuma, Esc ilifunge, na likifungwa, kibodi irudi kwenye kitufe kilicholifungua. Kipengele cha dialog cha HTML, kikifunguliwa kwa showModal, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila msaada.

Usisahau mambo mawili madogo. Ukurasa wenye menyu ndefu unapaswa kuwa na kiungo cha kwanza kabisa kinachosema "Ruka hadi kwenye maudhui makuu", ili mtu asibonyeze Tab mara thelathini kila anapofungua ukurasa mpya. Tena, kichwa cha ukurasa kinachoganda juu au bango la ruhusa linaloganda chini lisikifiche kabisa kitu kilichoshikwa na kibodi. Sharti hili liliongezwa katika toleo la 2.2.

Hatua ya pili: kukuza ukurasa

Rudisha kipanya ukipenda. Kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 200, na usome kila kitu. Maandishi yasikatike, yasilaliane, na vitufe visitoweke. Kisha endelea hadi asilimia 400 katika dirisha lenye upana wa pikseli 1280, ambapo ukurasa utakuwa na nafasi sawa na skrini ya pikseli 320. Katika hali hiyo mtu anapaswa kusoma kwa kushuka chini tu, bila kuusukuma ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari. Ramani na majedwali makubwa yamesamehewa, lakini aya za maneno hazikusamehewa. Ctrl+0 hurudisha ukubwa wa kawaida.

Fanya pia kipimo cha simu. Katika Firefox, Ctrl+Shift+M hufungua mwonekano wa vifaa vidogo, na katika Chrome amri hiyohiyo hufanya kazi zana za wasanidi zikiwa wazi. Weka upana wa 320 na upime ukubwa wa vitufe: toleo la 2.2 linataka eneo la kugusa lisilopungua pikseli 24 kwa 24, au nafasi ya kutosha kati ya kitufe na kitufe. Mimi huzidisha, kwa sababu watu wetu hubonyeza wakiwa ndani ya boti inayoyumba. Angalia pia kama msimbo wa ukurasa una maneno user-scalable=no, ambayo yamewekwa ili kumzuia mtu asikuze kwa vidole viwili. Yaondoe mara moja.

Hatua ya tatu: rangi

Tovuti za pwani zina ugonjwa wa rangi ya feruzi. Kila mtengenezaji hutaka rangi ya maji ya Manda wakati wa bamvua, kisha huandika juu yake kwa maandishi meupe. Feruzi yenye namba #40E0D0 ikiwekewa maandishi meupe hutoa uwiano wa utofautishaji, yaani tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma, wa takriban 1.6 kwa 1, ilhali ngazi AA inadai 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani ya pointi 18, au pointi 14 yakiwa yamekolezwa. Mipaka ya visanduku vya kuandikia na picha ndogo zenye maana nazo zinadaiwa 3 kwa 1. Hakuna haja ya kuiacha bahari: kijani cha kina kama #00695C kikiwa na maandishi meupe hufikia takriban 6.6 kwa 1 na bado kinabaki rangi ya maji marefu. Maandishi ya kijivu kwenye nyeupe yana mpaka wake pia, kwani #767676 hupita kwa chupuchupu na #777777 huanguka kwa tofauti ndogo mno.

Kupima ni rahisi. Katika Chrome bonyeza kulia kwenye maandishi, chagua kukagua kipengele, kisha ubonyeze kiraba kidogo cha rangi kilicho kando ya neno color katika mitindo; uwiano utaonekana pamoja na alama ya kupita au kushindwa. Katika Firefox, kichupo cha Accessibility kina orodha inayoitwa Check for issues. Chagua Contrast, nayo itakusanya maandishi yote yenye upungufu. Zana hizi hushindwa panapokuwa na maandishi yaliyowekwa juu ya picha, kwa mfano jina la hoteli juu ya picha ya machweo, na hapo inabidi utumie jicho na kuchagua sehemu ya picha iliyo angavu zaidi.

Baada ya hapo ondoa rangi kabisa. Katika Firefox, orodha ya Simulate iliyo kwenye kichupo hichohicho hukuonyesha ukurasa kama unavyoonekana na watu wasiotofautisha nyekundu, kijani au bluu, na hata wasioona rangi yoyote. Katika Chrome uigaji huo uko kwenye sehemu ya Rendering, pamoja na ule wa uoni wenye ukungu. Tazama viti vya boti: ikiwa vilivyochukuliwa ni vyekundu na vilivyo wazi ni kijani, na hakuna tofauti nyingine, basi kwa baadhi ya abiria viti vyote ni vimoja. Weka alama ya msalaba au neno. Kisanduku kilichojazwa vibaya nacho kisiwe na mpaka mwekundu tu, bali kiandikwe kosa lenyewe na namna ya kulirekebisha.

Hapa ninaongeza kipimo ambacho hakimo katika kiwango chochote. Chukua simu, toka nje saa saba mchana, usimame kwenye gati penye mwanga mkali, na ujaribu kusoma nauli. Abiria wengi wa tovuti ile watakuwa wamesimama papo hapo.

Mwendo nauzungumzia kwa ufupi. Picha zinazobadilika zenyewe kwa zaidi ya sekunde tano ziwe na kitufe cha kuzisimamisha, na kitu chochote kisimwekemweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa kuwa kinaweza kumsababishia mtu kifafa. Video nayo iwe na manukuu yaliyosahihishwa na mtu, maana mashine hukosea sana majina yetu ya watu na ya mahali.

Hatua ya nne: majina, mpangilio na lugha

Kivinjari kina picha mbili za ukurasa. Moja ni ile inayochorwa kwenye skrini. Nyingine ni mti wa ufikivu, ambao ndani yake kila kitu kina jina na wadhifa, na huo ndio unaokabidhiwa kisoma-skrini, yaani programu kama TalkBack inayousoma ukurasa kwa sauti. Ami yangu hakuiona tovuti yangu. Aliusikia mti huo. Katika Firefox bonyeza kulia kwenye kitufe na uchague Inspect Accessibility Properties. Ukiona wadhifa ni wa kitufe na jina ni tupu, umepata kosa lilelile alilolipata yeye. Katika Chrome habari hizo ziko ndani ya kichupo cha Elements, kwenye sehemu ndogo ya Accessibility. Kitufe chenye picha pekee kipewe jina kwa maandishi yaliyomo ndani yake au kwa aria-label, na jina hilo litaje kazi: "Chagua tarehe", wala si "Kalenda ya bluu".

Visanduku vya fomu vipimwe kwa namna hiyohiyo. Bonyeza kwa kipanya kwenye neno lililo juu ya kisanduku, mathalani "Jina kamili". Kielekezi kisipoingia ndani ya kisanduku, neno hilo halijaunganishwa nacho kwa label. Maneno ya kijivu yaliyoandikwa ndani ya kisanduku hayawezi kuchukua nafasi ya lebo, kwani hutoweka mara mtu anapoanza kuandika, na mwenye kusahau haraka hubaki hajui alichoulizwa.

Picha zina hukumu zake. Picha ya mlango wa nakshi katika makala ya useremala iwe na maandishi mbadala (alt) yanayoeleza nakshi yenyewe. Mlango huohuo ukiwa ni kiungo cha kwendea kurasa za vyumba, maandishi yaseme "Vyumba vyetu". Ukiwa ni pambo tu, weka alt="" ili kisoma-skrini kiipite kimya. Kibaya kuliko vyote ni kutoiweka alt kabisa, kwa sababu baadhi ya programu zitasoma jina la faili herufi kwa herufi, na msikilizaji atapewa nambari za kamera badala ya mlango.

Jambo linalofuata halipewi uzito katika miongozo ya Kiingereza kwa kuwa haliwaumi waandishi wake, lakini kwetu ni kubwa. Fungua msimbo wa ukurasa kwa Ctrl+U na uangalie neno lililo baada ya lang katika mstari wa html. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en", na mtengenezaji huandika Kiswahili chake chote bila kuibadilisha. Kisoma-skrini huamini alama hiyo na kukisoma Kiswahili kwa sauti na kanuni za Kiingereza. Maneno kama wake, pole na mate yana tahajia inayofanana na ya Kiingereza, nayo hutamkwa kwa namna ambayo hakuna Mswahili atakayeyatambua. Andika lang="sw". Panapotokea kifungu cha Kiingereza ndani ya ukurasa, kizungushie lang="en", na aya ya Kiarabu, ambayo haikosekani katika tovuti za madrasa na misikiti yetu, ipewe lang="ar" pamoja na dir="rtl", yaani kutoka kulia kwenda kushoto. Alama ya lugha ya ukurasa mzima ni sharti la ngazi A, na ya vifungu ni la ngazi AA.

Vichwa vya habari vipangwe kwa ngazi za h1, h2 na h3 kwa kufuata maana, bila kujali ukubwa wa herufi, na jedwali la nauli liwe na th, yaani visanduku vya vichwa, katika safu ya juu ili kila bei isikike pamoja na jina la safari yake.

Hatua ya tano: kusikiliza

NVDA ni kisoma-skrini cha bure cha Windows, kilichoanza kutengenezwa nchini Australia mwaka 2006. Kinakuja na sauti za eSpeak NG, ambazo Kiswahili kimo ndani yake. Sauti hiyo ni kavu, lakini inatamka irabu zetu sawasawa. Kiwashe, fungua ukurasa, na uzime skrini au ufumbe macho. Bonyeza H ili kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, K kwa viungo, B kwa vitufe, F kwa sehemu za fomu, G kwa picha na T kwa majedwali. Ndani ya jedwali tumia Ctrl+Alt pamoja na mishale. Insert+F7 hukupa orodha ya viungo vyote. Ikiwa orodha hiyo inasema "Bonyeza hapa" mara tisa, umejua la kurekebisha. Insert+Q hukizima.

Siku ya kwanza usijihukumu wala usiihukumu tovuti kwa haraka, kwa kuwa sehemu ya mkwamo itakuwa ugeni wako. Fanya mazoezi ya saa moja kwenye tovuti unayoijua kwamba imejengwa vizuri. Kisha fanya kazi nzima uliyoiandika mwanzoni, na utege sikio hasa mahali ambapo ukurasa hubadilika bila kufunguka upya: umebonyeza "Tafuta boti", matokeo yametokea chini, na sauti imenyamaza. Mwenye kuona ameyaona, msikilizaji anasubiri. Ujumbe mfupi kama "Boti 3 zimepatikana" uwekwe kwenye kipengele chenye role="status" ili kisoma-skrini kiutangaze, nacho lazima kiwepo tayari kwenye ukurasa kabla ya ujumbe kuingizwa ndani yake.

Rudia kazi hiyo kwenye simu ya Android kwa TalkBack, inayopatikana kwenye mipangilio chini ya Ufikivu (Accessibility). Kutelezesha kidole kulia huenda mbele, na kugonga mara mbili hubonyeza. Hapa kwetu ningesema kipimo cha simu kina uzito kuliko cha kompyuta, kwani simu ndiyo iliyo mikononi mwa watu.

Hatua ya sita: zana zinazojipima zenyewe

Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Chrome ina Lighthouse ndani ya zana zake za wasanidi. Chagua Accessibility, endesha, na utapewa alama kati ya sifuri na mia. Viendelezi vya kivinjari vya axe DevTools na WAVE hutoa maelezo mengi zaidi. Zote ni hodari wa kukamata alt iliyokosekana, lebo isiyounganishwa na rangi hafifu, na ni vyema kuziendesha kila unapobadilisha ukurasa.

Lakini mashine hukagua kuwapo kwa kitu, haikagui ukweli wake. Ukurasa wa Kiswahili wenye lang="en" hupita, kwa sababu alama ya lugha ipo na ni halali. Picha ya mlango yenye alt="picha" hupita. Kalenda isiyotoka kwa kibodi inaweza kupita. Mteja akikuonyesha alama mia kama ushahidi, mwombe achomoe kipanya.

Kuandika matokeo

Panga makosa kwa kuangalia nani anazuiwa na wapi. La kwanza ni lile linalomzuia mtu kumaliza kazi kabisa, kama kitufe cha kulipa kisichobonyezeka kwa kibodi, la pili ni lile linalomchelewesha au kumpotosha, yaliyobaki yafuate. Kwa kila kosa taja ukurasa, hatua za kulirudia, kivinjari ulichotumia na sharti la WCAG linalohusika, na uandike pendekezo la dawa kwa maneno ambayo mwenye tovuti ataelewa. Baada ya marekebisho pima kazi yote upya tangu Tab ya kwanza, kwani kurekebisha dirisha moja huvunja jingine mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kisha mwombe mtu anayeishi na ulemavu aipime, na umlipe kama unavyomlipa fundi yeyote. Mweleze kazi moja tu, "Kata tiketi ya boti ya kesho saa moja asubuhi", halafu ukae kimya. Usimwelekeze mahali kitufe kilipo, usimwombe radhi kwa kila kosa, wala usikichukue kifaa mkononi mwake. Andika kila anaposita na kila anaporudi nyuma, na akikwama kabisa muulize alikuwa anatarajia kusikia nini, kwa kuwa mara nyingi maneno atakayokujibu ndiyo yanayofaa kuandikwa kwenye kitufe.